KINGA NA JAMAA ZAKE
Somo la historia lililosomwa kwa redio kwa ajili ya madarasa ya watu wazima

Mwalimu wa darasa, tafadhali chukua chaki uandike neno hili ubaoni kwa herufi kubwa: KINGA. Ni herufi tano tu, nanyi mmekwisha kuzijua zote. Haya, lisomeni pamoja. Ahsanteni.

Leo hatutasoma habari za mfalme, wala za safari ya mtu mashuhuri. Tutalifuata neno hili pamoja na jamaa zake, tuone limepita wapi. Labda mtu mmoja huko nyuma anauliza, "Je, neno nalo lina historia?" Naam, lina historia kama mtu alivyo nayo, na katika historia ya neno hili yamo makaburi mengi, kama mtakavyosikia.

Tuanze nyumbani. Mvua inanyesha. Mama ametoa ndoo akaiweka chini ya ukingo wa paa. Anafanya nini? Anakinga maji. Wakati uo huo baba anarudi kutoka shamba, ameshika jani la mgomba juu ya kichwa chake. Naye anafanya nini? Anajikinga mvua. Angalieni sana hapo. Mama anayataka maji, baba hayataki, lakini kitendo ni kimoja. Kukinga ni kuweka kitu katikati, ili kile kinachokuja kikomee hapo. Neno lenyewe halisemi kama kinachokuja ni kizuri au kibaya. Tena halisemi kama kitu ulichokiweka kina nguvu ya kutosha. Jani la mgomba lakinga mvua, mawe halikingi. Kwa hiyo kila mtu akituambia, "Hii ni kinga," yafaa tumwulize, "Inazuia nini?" Swali hilo liwekeni akilini, maana tutalirudia.

(Iko kinga nyingine, ile ya jikoni, yaani ukuni unaowaka moto, nayo ndiyo tunayoitaja katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hiyo leo tunaiacha. Na ndugu zetu Wakinga wa Makete wasidhani tumewasahau. Jina lao lina habari zake.)

Sasa twende pwani, karibu na Malindi. Pale msituni yako magofu ya mji wa Gede, mji wa nyumba za mawe uliohamwa karne nyingi zilizopita. Tangu mwaka wa 1948 mtaalamu mmoja wa mambo ya kale, James Kirkman, aliyachimba magofu hayo. Katika kuchimba kwake aliona vyungu vilivyozikwa sakafuni karibu na milango ya nyumba. Watu wa pwani hawakuwa na shida ya kuvijua. Hilo ni fingo, yaani dawa iliyofukiwa ili mwenye nia mbaya akivuka kizingiti apatwe na jambo. Basi nyumba ile ilikuwa na walinzi wawili. Mlango wa mbao wenye komeo ulimzuia mwizi mwili wake, na fingo lilimzuia nia yake.

Lugha yetu ina maneno mengi ya namna hiyo. Shambani mtu aliweka kago, ili mwizi wa mahindi asiguse. Mji au nyumba ilitiwa zindiko. Mtoto alivishwa hirizi shingoni au mkononi, nayo ni karatasi iliyoandikwa, ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Neno hirizi limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni kulinda, kuweka kitu mahali pa salama. Tena liko kombe: maneno matakatifu huandikwa kwa zafarani katika sahani, yakaoshwa, mgonjwa akayanywa. Siku hizi kijana ukimtajia kombe yeye awaza mpira wa miguu tu. Haidhuru, na ngao nayo imepata bahati iyo hiyo. Hapo kale ilikuwa ngozi ngumu ya kuzuia mkuki. Leo mnaiona katika nembo ya taifa ya Tanzania na ya Kenya, na wapenzi wa mpira wa Tanzania kila mwaka huigombea Ngao ya Jamii kabla ya ligi kuanza.

Sitaki kuwacheka wazee wa fingo na hirizi. Mtu mwenye mtoto mchanga, katika nchi isiyo na daktari, hukinga kwa kitu alichonacho. Lakini nataka mwone jambo moja: vitu hivi vyote vilikuwa na kazi yake vilivyopewa. Kago la shamba halikuwekwa ili kuzuia homa, wala hirizi ya mtoto haikuwekwa ili kuzuia panya ghalani. Hatari huja pale kinga inapotolewa katika kazi yake ya kwanza na kupelekwa mbele ya adui mwingine. Hayo ndiyo yaliyotukia katika mwaka wa 1905.

Wengi wenu mmesikia habari za Vita vya Maji Maji. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa wakitawala Tanganyika. Tangu mwaka wa 1902 waliwalazimisha watu wa kusini na mashariki kulima pamba katika shamba la jumbe. Kazi ilikuwa ya nguvu, malipo yalikuwa madogo kabisa, na siku ambazo mtu alilima pamba hakulima chakula chake. Huko Ngarambe, upande wa Rufiji, alitokea mtu aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Kuanzia mwaka wa 1904 watu walimwendea makundi kwa makundi, naye aliwapa maji ya dawa. Maji hayo yalinywewa na kunyunyizwa mwilini. Walioyapata waliamini kwamba risasi za Mdachi zikifika kwao zitageuka kuwa maji.

Je, maji yale yalitoka wapi? Hayakuzuka siku ile. Katika nchi ya Rufiji watu walikuwa wakiyaendea maji ya dawa tangu zamani, wakiomba mvua na mavuno. Ilikuwa kinga ya njaa. Mtu aliyekuwa amemwona baba yake akiyaleta maji, na mvua ikanyesha, alikuwa na sababu ya kuyaamini. Katika mwaka wa 1905 imani ile ile ya shambani ilipelekwa mbele ya bunduki.

Mwezi wa Julai mwaka huo watu wa Matumbi walianza kung'oa pamba, na vita ikawaka. Kinjikitile alikamatwa, akanyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani ya boma mlikuwa na bunduki za mzinga, yaani zile zitoazo risasi mfululizo bila kupumzika. Watu walikufa kwa mamia mbele ya kuta zile, na habari kwamba risasi hazikugeuka maji ikaanza kutembea katika nchi.

Hata hivyo vita haikwisha mpaka mwaka wa 1907. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, wakaifanya njaa kuwa silaha. Serikali yao ilikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Wachunguzi wa historia waliokuja baadaye wasema walikufa wengi zaidi, pengine hata 250,000 au 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Fikirini, ninyi mnaolima: maji yaliyokuwa kinga ya njaa yaliishia katika njaa ambayo kusini haijaisahau.

Basi, tuseme maji yale hayakuwa na kazi yoyote? Mimi sisemi hivyo. Watu wa makabila mengi, ambao hapo kwanza walikuwa na magomvi yao, waliyanywa maji yale wakawa kitu kimoja. Mkulima aliyekuwa akiogopa hata askari mmoja alisimama. Kinga ya woga ilikuwamo katika maji yale. Kinga ya risasi haikuwamo. Katika mwaka wa 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo cha Dar es Salaam waliwaendea wazee waliobaki, wakaandika habari zao. Kama hawangefanya hivyo, tungalibaki na maneno ya Wajerumani peke yake. Huo nao ni ulinzi, kuandika.

Hapo niruhusuni kupita upesi kwa neno jingine, hifadhi. Nalo ni la Kiarabu, maana yake kutunza kitu kisipotee. Msomi ahifadhi Kurani moyoni. Mvuvi ahifadhi samaki kwa chumvi. Majahazi ya Bara Arabu yalikuwa yakija Unguja na Mombasa na papa aliyetiwa chumvi, akakaa miezi bila kuoza, na mnaojua harufu yake hamna haja ya kuelezwa. Lakini katika mwaka wa 1951 Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi humo waliondolewa, wakapelekwa Ngorongoro. Kwa nyumbu neno lile lilikuwa ulinzi. Kwa mwenye ng'ombe lilikuwa mlango uliofungwa.

Sasa tazameni ubaoni tena. Mwalimu, andika chini ya KINGA neno CHANJO.

Chanjo latokana na kuchanja, yaani kukata kwa chombo chenye makali. Twachanja kuni. Zamani waganga waliwachanja watu chale ndogo katika ngozi, wakasugua dawa pale penye damu. Basi lilipokuja jambo geni la hospitali, neno lilikuwa tayari likilingoja.

Jambo lenyewe lilihusu ndui. Vijana wetu hawaujui ugonjwa huo, na hiyo ni heri yao. Ulimjaza mtu malengelenge mwili mzima. Aliyepona alibaki na makovu usoni, na mara nyingine upofu. Katika karne ya 19 ulitembea na misafara ya pembe na watumwa kutoka pwani mpaka bara. Lakini watu wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kugundua kwamba aliyeugua ndui mara moja hauguzwi tena. Kwa hiyo walichukua usaha wa mgonjwa mwenye ndui hafifu, wakamchanja mtu mzima wa afya, augue kidogo apate kusalimika.

Mmojawapo aliyelijua jambo hili alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani Marekani. Bwana wake, mhubiri Cotton Mather wa mji wa Boston, alimwita Onesimus. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa. Onesimus alimweleza bwana wake kwamba kwao Afrika alichanjwa hivyo. Mwaka wa 1721 ndui ilipoingia Boston, daktari mmoja alijaribu alivyoeleza Onesimus, ijapokuwa watu wa mji walikasirika sana. Matokeo yalihesabiwa. Katika kila watu 100 waliougua kwa njia ya kawaida, walikufa 14 hivi. Katika kila 100 waliochanjwa, walikufa 2 au 3. Hapo ndipo pana tofauti na maji ya mwaka wa 1905: kinga hii ilihesabiwa, na hesabu yaweza kurudiwa na mtu yeyote.

Mwaka wa 1796 daktari wa Uingereza, Edward Jenner, aliona njia isiyo na hatari kubwa. Alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe katika mkono wa mkamuaji maziwa, akamchanja mtoto wa miaka minane, James Phipps. Baadaye alimtia ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Kwa sababu hiyo Wazungu waliiita dawa ile kwa neno lililotoka katika jina la ng'ombe kwa Kilatini. Mwaka wa 1881 Louis Pasteur wa Ufaransa alishauri jina hilo litumike kwa kila kinga ya namna hiyo, hata kama ng'ombe hayumo kabisa, ili kumheshimu Jenner. Basi msifikiri lugha yetu peke yake ndiyo yenye maneno yaliyoacha asili yake. Katika neno lao yuko ng'ombe asiyeonekana. Katika letu kuna wembe usioonekana.

Wembe huo uliwahi kumsumbua mama mmoja niliyemsikia kwa masikio yangu. Alimleta mtoto wake kupata chanjo ya polio, na mwuguzi akamtia mtoto matone mawili mdomoni. "Tayari, mama." Yule mama hakuondoka. Akasema, "Mwanangu, mimi nimeitwa kwa chanjo. Mbona hamkumchanja?" Watu katika foleni walicheka, lakini kusema kweli swali lake lilikuwa la haki. Alikuwa amelisikiliza neno vizuri kuliko waliocheka. Mwuguzi mwenye busara alimweleza, na mama akaenda zake kwa amani. Wangapi hawakuelezwa, wakaenda nyumbani wakidhani wamedanganywa?

Ndui ilipofukuzwa katika nchi moja baada ya nyingine, ilibaki pande zetu za Afrika. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, nchi ya Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 gari lilifika likiwa na watoto wawili wagonjwa, na dereva hakuijua njia. Maalin akapanda ili amwelekeze. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Alikuwa hajapata chanjo kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, aliogopa maumivu ya sindano. Aliugua, akapona. Watu waliomkaribia walitafutwa na kuchanjwa kwa maelfu, na ugonjwa ukakoma kwake. Mwezi wa Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui haiko tena.

Maalin hakuficha habari yake. Miaka mingi baadaye alizunguka Somalia akiwasihi wazazi wawapeleke watoto kupata matone ya polio, na kwa hoja aliwasimulia woga wake mwenyewe. Akiwa katika kazi hiyo, mwezi wa Julai 2013, alikufa kwa malaria. Wakati huo chanjo ya malaria ilikuwa bado katika majaribio. Ilianza kutolewa kwa watoto wa Malawi, Ghana na Kenya katika mwaka wa 2019.

Katika miaka ya 1980 neno letu lilisafiri tena, safari hii likaingia ndani ya mwili. Mwaka wa 1983 wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa mpya walitambuliwa Kagera, Tanzania. Baadaye ugonjwa huo ulipewa jina la UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Someni jina hilo polepole. Mpaka hapo, kinga kwa watu wengi ilikuwa kitu cha nje: ndoo, ngao, chungu mlangoni, ngozi shingoni. Sasa tukaambiwa kwamba kila mtu amezaliwa na kinga ndani ya damu yake, na kwamba yaweza kuisha.

Na kwa wakati uo huo neno hilo hilo likapewa kazi ya pili. Watangazaji, kwa kuona haya, walisema "tumieni kinga," wakikusudia mpira wa kiume. Haya ni kitu chema, lakini si mwalimu mzuri. Aliyezoea hirizi akiambiwa "tumia kinga" bila kuonyeshwa kitu chenyewe, kwa nini asiifikirie hirizi yake? Kwa maoni yangu ilikuwa afadhali kusema mpira waziwazi siku ya kwanza.

Mfano wa mwisho ni wa juzi. Wanawake wa Kiarabu wa Oman na wa Unguja ya zamani walivaa barakoa, kifuniko cha uso kilichoacha macho. Kilizuia macho ya wageni wasimwone mwenye uso. Mwezi wa Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipofika Kenya na Tanzania, watu walihitaji jina la kitambaa cha kufunika pua na mdomo, nao wakalitoa neno barakoa sandukuni. Barakoa ya kwanza ilizuia macho, ya pili yazuia mate na pumzi. Aliyeivaa chini ya kidevu, nanyi mliwaona wengi, alikuwa amevaa neno tu.

Muda wetu umekaribia kwisha. Kazi ya nyumbani ni hii. Chora mistari miwili kusimama katika daftari yako. Katika sehemu ya kwanza andika majina ya vitu vitano vya nyumbani kwako au kazini kwako vinavyokinga. Mwenye chandarua aanze na chandarua. Mwenye kusafiri kwa meli aandike boya. Katika sehemu ya pili andika kile ambacho kitu hicho hukizuia. Katika ya tatu andika kile ambacho hakikizuii. Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, msiirukie. Mwalimu atakusanya madaftari siku ya Ijumaa.

Kwaherini.